Dakika 22 za Kuuliza "Umekula?"

Juzi mezani mpwa wangu aliniuliza, "Mama mdogo, ni kweli kwamba kule Mirihi jua likizama anga huwa la buluu?" Nilimjibu kwamba ni kweli, kwa sababu vumbi laini la sayari ile huacha mwanga wa buluu ulizunguke jua, kisha nikaishiwa hamu ya kula, kwani jambo hilo nililisikia kwanza katika kile chumba cha Majengo, hapa Moshi, kutoka kwa yule mwenzangu.

Umeme ulikuwa umekatika. Alikuwa ameandika kwenye kaunta buku hadithi ya wanawake wawili waliopendana katika koloni la Mirihi, mmoja fundi wa mtambo wa oksijeni, mwingine daktari, na usiku huo alinisomea kwa mwanga wa mshumaa alioushika mwenyewe. Mengi niliyapitisha sikioni tu, mpaka alipofika mahali daktari amekwisha kurudishwa Duniani. Sayari hizo zinapokuwa mbali kabisa, ujumbe wa redio huchukua takriban dakika 22 kufika, na jibu nalo huchukua muda uleule kurudi. Fundi anatuma neno moja, "Umekula?", kisha anaketi sakafuni kando ya mtambo wake kusubiri.

Hapo aliacha kusoma. Nta ilikuwa imemdondokea kwenye kidole gumba na kuanza kuganda, naye hakuifuta. Nikamuuliza, "Dada, mbona hamwambii kwamba anampenda?" Akaniangalia kwa muda, akasema, "Si ameshamwambia?"

Sikuwahi kusikia mapenzi ya wanawake wawili yakisimuliwa kwa Kiswahili namna ile, kwa heshima na bila kunong'ona, na nadhani ndiyo maana nilikasirika alipokataa kuwakutanisha. Nilimkumbusha kwamba nafasi nzuri ya kusafiri kwenda Mirihi hutokea kila baada ya miezi 26 hivi, kwa hiyo daktari angeweza kungoja zamu yake na kupanda chombo. Alinijibu kwamba hawezi kuandika mkutano ambao yeye mwenyewe hajauona ukitokea. Tulibishana mpaka umeme uliporudi. Baadaye alihamia Arusha na kaunta buku yake.

Bado naamini daktari alistahili kupanda chombo kile, ingawa siku hizi, nikikumbuka alivyonitazama, sina hakika kwamba tulikuwa tunabishana kuhusu Mirihi.