Baba mdogo, atomi haikutoka Shinkolobwe

Tukikutana msibani au harusini, baba mdogo lazima aseme: "Bila mawe yetu ya Shinkolobwe, wazungu wasingeijua atomi." Shinkolobwe ni mgodi wa urani, karibu na Likasi. Baba mdogo alifanya kazi migodini Likasi, na hapa Lubumbashi mzee wa mgodi hakatizwi ovyo. Mimi nafundisha fizikia Katuba, basi Jumapili nilimkatiza, kwa heshima.

Tarehe zinamkataa. Madini ya Shinkolobwe yaligunduliwa 1915. Mwanafizikia Ernest Rutherford alitangaza kiini cha atomi, yaani kitovu chake, 1911, akiwa Manchester, Uingereza. Alitumia radiamu, metali ya kwenye mawe ya urani inayorusha chembe ndogo. Yake aliazimwa na Vienna, Austria, na ilitoka kwenye mawe ya Joachimsthal, Ulaya ya kati. Radiamu yetu ilianza kusafishwa Olen, Ubelgiji, mwaka 1922.

Kabla yake J. J. Thomson, aliyegundua elektroni (chembe ndogo mno yenye chaji hasi) 1897, alidhani chaji chanya imejaa atomi nzima kama bukari (ugali), elektroni zimechomekwa humo kama karanga. Kwa atomi ya namna hiyo, chembe ya alfa, ile yenye chaji chanya inayorushwa na radiamu, ingepenya tu, ikipinda kidogo. Hata hivyo, 1909 Rutherford alimwambia Ernest Marsden, mwanafunzi wa miaka 20, azirushe chembe za alfa kwenye bamba la metali, aangalie kama kuna zinazorudi nyuma.

Ninachokipenda mimi ni kule kuhesabu. Marsden na Hans Geiger, msaidizi wa Rutherford, walikaa gizani kwanza, hadi macho yazoee. Kisha mmoja anainamia hadubini, anatazama kibao kilichopakwa salfaidi ya zinki. Chembe ikigonga, nukta ya mwanga inang'aa na kuzimika papo hapo. Unahesabu kwa jicho, ukipepesa, imekupita. (Wanafunzi wangu wanalalamika umeme ukikatika. Hawa giza walilitafuta wenyewe!) Kufikia 1913 walikuwa wamehesabu mimweko zaidi ya 100,000.

Na kweli zilirudi. Kwenye bamba la platini, takriban moja kati ya 8,000. Bukari haiwezi kurudisha chembe yenye kasi vile. Rutherford akapiga hesabu, akaona lazima ile chaji chanya ya atomi na karibu uzito wote vimejibana katikati, mahali padogo mno, na kwingine kote ni karibu patupu. Neutroni, chembe ya kiini isiyo na chaji, ilisubiri hadi James Chadwick alipoigundua 1932.

Baba mdogo alitafuna muhogo wake mpaka ukaisha. "Sawa, mwalimu. Na bomu je?"

Hapo sikubishana. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, 1945, ilitoka Shinkolobwe. Ila la kujivunia sikuliona, na nilimwambia.