Siku moja katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi, Tanga

Saa 1:30 asubuhi. Ninaanza kazi kabla wanafunzi hawajajaa mlangoni, kwa sababu barua ya mashtaka inahitaji utulivu. Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Tanga mjini, na vilevile ni katibu wa kamati ya nidhamu, kwa hiyo faili la mwanafunzi anayelalamika na la mwanafunzi anayelalamikiwa yote hupita mezani pangu. Leo nimekuta rasimu iliyotoka idarani, inayomtaka kijana wa mwaka wa pili afike mbele ya kamati kwa kuwa amekiuka kanuni na kukiaibisha chuo. Haisemi alifanya nini, siku gani, mahali gani, wala ni kanuni ipi aliyoivunja. Mtu asiyejua anashtakiwa kwa lipi hawezi kujitetea hata akipewa mwezi mzima wa kujiandaa. Ninaorodhesha pembeni mambo yanayokosekana: tarehe na saa ya tukio, mahali lilipotokea, namba ya kanuni, mashahidi watakaoitwa pamoja na nakala za maelezo yao, adhabu ya juu inayoweza kutolewa, na haki ya kuja na mwenzake wa kumsaidia. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, kwani mashauri mengi yanayokuja kuvunjika mbele ya rufani huwa yameshavunjika katika ukurasa huu mmoja.

Saa 2:40. Mkuu wa idara amenipigia simu baada ya kuona rasimu imerudi. Nimemwamkia, naye kwa sauti ya mtu aliyechoka akasema, "Mwanangu, huyo kijana anajua alichofanya. Tunazunguka ya nini?" Nimemjibu kwamba sisi ndio tusiojua bado, kwa kuwa hatujamsikiliza. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama "au chombo kinginecho", na kamati inayoweza kumfukuza mtu chuo ni chombo cha aina hiyo. Nimemkumbusha pia kwamba mwanafunzi anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba uamuzi wetu ufanyiwe mapitio, na jaji hatauliza kwanza kama kijana alikosa au hakukosa. Atauliza tulifuata utaratibu gani. Mzee amenyamaza kidogo, kisha akaniomba nimtumie orodha ile.

Jambo hili si geni. Mwaka 1723 mahakama ya Uingereza ilikiamuru Chuo Kikuu cha Cambridge kimrudishie Richard Bentley shahada zake, kwa sababu kilimvua bila kumwita ajieleze. Jaji mmoja alisema pale kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajitetee, na kisa hicho hapa kwetu kinajulikana msikitini na kanisani. Huko Marekani hoja hiyo ilishinda mwaka 1961, katika kesi ya wanafunzi weusi wa chuo cha serikali cha Alabama, waliofukuzwa bila kusikilizwa baada ya kuketi kudai huduma katika mgahawa uliowabagua.

Saa 4:00. Foleni ya malalamiko. Wengi wamekuja kwa ajili ya bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, lililochelewa, na hao nawaelekeza kwa ofisa mikopo wa chuo. Waziri wa malazi wa serikali ya wanafunzi ameleta barua juu ya maji yanayokatika bwenini. Nimeipokea, nimeigonga mhuri na kumpa nakala yenye tarehe ambayo atajibiwa kwa maandishi, kwa kuwa lalamiko lisilojibiwa halikawii kugeuka kuwa mgomo, na mgomo ukija watu wazima husahau lalamiko wakabaki na adhabu. Nchi hii ililiona hilo Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na zaidi ya mia tatu wakarudishwa makwao.

Wa mwisho ni binti aliyengoja wenzake waondoke. Ameniambia kwamba alama zake za kazi za darasani hazijaingizwa, na mwalimu wake anamtaka wakaonane nje ya chuo ili "walimalize". Nimefunga mlango na kumsikiliza bila kumharakisha. Nimemweleza kwamba rushwa ya ngono ni kosa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kwamba anaweza kwenda dawati la jinsia la chuo au TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kuzuia na kupambana na rushwa, moja kwa moja, na kwamba asifute ujumbe wowote ulio katika simu yake. Ameniuliza, "Mama, nikisema si ndiyo nitadisko?", yaani atafelishwa mpaka aondolewe chuoni. Swali hilo linaniuma kila ninapolisikia. Kwa idhini yake nimeandika ombi kwamba kazi zake zisahihishwe na mwalimu mwingine kuanzia leo, hata kabla ya uchunguzi kuanza. Mwalimu naye atapewa tuhuma kwa maandishi na nafasi ya kujibu. Haki ninayoidai kwa wanafunzi siwezi kumnyima yeye.

Saa 8:00 mchana. Kamati imekaa kusikiliza shauri la mwanafunzi anayedaiwa kuingia na karatasi yenye maandishi katika chumba cha mtihani. Kabla ya kuanza nimeuliza kama kuna mjumbe mwenye maslahi katika shauri hili. Mmoja ndiye aliyekuwa msimamizi wa mtihani ule na ndiye aliyeikamata karatasi. Amesema atakuwa mkweli, nami siutilii shaka ukweli wake, lakini mtu hawezi kuwa shahidi akarudi kuketi kiti cha mwamuzi. Ametoka, mjumbe wa akiba ameitwa ili akidi itimie, na tumepoteza nusu saa ambayo sijutii hata kidogo.

Mwanafunzi amekuja na mwenzake kutoka wizara ya katiba na sheria ya serikali yao. Amekiri kwamba karatasi ni yake, ila amesema ilisahaulika mfukoni na haihusu somo lile. Mwenyekiti ameagiza isomwe yote kwa sauti. Nusu yake ilikuwa hesabu za madeni ya duka, na nusu iliyobaki ilikuwa na kanuni mbili za somo lenyewe. Msimamizi ameulizwa maswali na mwanafunzi mwenyewe, tena kwa adabu. Wakati wa kujadiliana, mjumbe mmoja amesema kijana huyu anafahamika, kwani aliwahi kupewa onyo. Nimeomba maneno hayo yasubiri: rekodi ya nyuma huangaliwa wakati wa kupanga adhabu, baada ya kosa kuthibitika, na si kwa ajili ya kulithibitisha. Kamati imeafiki na kuahirisha hadi kesho ili karatasi ilinganishwe na maswali ya mtihani. Mpaka hapo mwanafunzi anaendelea na masomo. Kumsimamisha sasa kungemwondoa bwenini na kumvurugia mkopo, na hiyo ni adhabu kabla ya hukumu.

Saa 10:45. Nimemkabidhi mwanafunzi mwingine uamuzi wa shauri lililokwisha: kusimamishwa muhula mmoja kwa kupigana, pamoja na sababu, ushahidi uliokubaliwa, ushahidi uliokataliwa na kwa nini. Amesoma akiwa amesimama, kisha akauliza kama akikata rufani wakubwa watakasirika na kumwongezea. Nimemwonyesha kanuni inayosema kwamba kamati ya rufani inaweza kuthibitisha adhabu, kuipunguza, kuifuta au kuagiza shauri lisikilizwe upya, na kwamba haina mamlaka ya kuiongeza. Ameomba karatasi na kalamu, nami nimempisha kwenye meza ya pembeni aanze kuandika sababu zake.