Jinsi nilivyoiokoa sauti ya baba kwenye kaseti

Baba alifanya kazi Muscat miaka ya 1980. Barua hakuandika, alirekodi. Unguja wengi walifanya hivyo: kaseti anapewa mtu anayekuja, na usiku nyumba nzima inakaa kusikiliza.

Mama alizihifadhi kwenye bati la biskuti. Aliyoipenda zaidi ilikatika utepe, na fundi redio wa mtaani akasema tutupe tu. (Mafundi wa siku hizi wamezoea simu.)

Ganda lake lilifungwa kwa skrubu tano. Nililifungulia juu ya shuka jeupe, maana vile vigurudumu vya ndani vikiruka huvioni tena. Ncha mbili za utepe nilizikata mshazari kwa wembe, nikazigusanisha bila kupandana, kisha nikazibandika kwa utepe maalumu wa kuungia, upande usiogusa kichwa cha redio, kile kinachosoma sauti. Selotepu ya dukani usiiguse kabisa! Gundi yake huvuja na kugandisha mizunguko ya utepe. Ganda lenyewe lilikuwa limepinda, basi nikahamishia kila kitu kwenye la kaseti nyingine, nikauzungusha utepe wote kwa kalamu, taratibu, ulegee.

Kazi ya kompyuta ilikuwa nyepesi: waya kutoka tundu la spika za masikioni la redio hadi kompyuta, programu ya kurekodi sauti ya Audacity, nikaacha irekodi.

Baba akasikika: "Nimekuleteeni vitambaa viwili."

"Kilifika kimoja," mama akamjibu.