Utando wangu wa kitosani umebanduka mzima

Ninao utando wa kufungia chakula unaooza wenyewe, unaopitisha mwanga, wenye umanjano kwa mbali, na unabanduka kwenye kioo ninachoukaushia bila kuchanika. Najivuna kwa sababu walionishauri, hakuna hata mmoja aliyewahi kubandua wa kwake.

"Kitosani ikigoma kuyeyuka, chemsha maji," waliniambia. Chemsha uchoke! Kitosani hutokana na maganda ya kamba na kaa, na haiyeyuki kwenye maji matupu hata yakitokota. Inataka asidi. Mimi hutumia asidi ya asetiki ya asilimia 1, kitosani gramu 2 kwa mililita 100. Nakoroga, nalaza, asubuhi nachuja kwa kitambaa. Gliserini natia robo ya uzito wa kitosani. Usipotia, utando unakatika ukiukunja. Ukizidisha, unanata vidoleni.

Mafuta ya karafuu, ninayotia ili yazuie ukungu na bakteria, ndiyo yaliyonipa visa. Mshauri mmoja alisisitiza: "Mimina mengi, tena mchanganyiko ukiwa moto, yapate kuingia." Nikamsikiliza. Nyumba nzima ikanukia, kila anayepita anasifu, kumbe kinachosifiwa ni yujenoli, dawa yenyewe niliyoitegemea, inapotea na mvuke. Yaliyobaki yakaelea juu kama mafuta kwenye mchuzi. Utando ulipokauka ulikuwa na vitundu kila palipokaa tone, upande mmoja unateleza, na kuubandua ukaja vipande vipande. Kipande kikubwa kuliko vyote nikafungia mkate. Ukungu haukuota, ni kweli, lakini nani angeula mkate ule?

Siku hizi nasubiri kitosani ipoe kabisa. Mafuta, machache tu, nayachanganya kwanza na lesithini, kitu kinachofanya mafuta yakubaliane na maji, kisha nayadondosha tone kwa tone huku mashine ikikoroga kwa kasi, mpaka mchanganyiko wote uwe mweupe. Nauacha utulie mapovu yaishe, ndipo namimina kwenye kioo. Na kioo kipimwe kwa pimamaji, vinginevyo utando unakuwa mnene upande mmoja, mwembamba kwingine.

Mtu wa maabara alinikatia tamaa mapema. Aliweka vipande vya utando kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, yenye bakteria: cha karafuu kikazungukwa na duara safi, cha kitosani tupu hakina duara lolote. "Hiki hakifanyi kazi," akasema. Nikamwambia akinyanyue. Akakinyanyua kwa kibanio, na chini yake hapakuwa na kitu, agari safi kabisa. Kitosani haisambai kama mafuta; huua inapogusa, chaji zake chanya zikishika ukuta wa bakteria wenye chaji hasi na kuuvuruga. Akadai ni asidi iliyobaki. Basi tukaweka kipande cha wanga kilichotiwa asidi ile ile, na chini yake bakteria walijaa. Hakusema zaidi.

Gharama si ya kutisha; kinachokula pesa ni kitosani yenyewe. Ila usifungie kitu chenye majimaji, kwa maana utando huu hunyonya unyevu ukalegea. Mkate na jibini kavu sawa.

Jambo moja watu hulipita: kuna wanaodhurika na kamba na kaa, kwa hiyo andika wazi kwenye kifurushi kitosani imetoka wapi. Iko pia inayotolewa kwenye kuvu. Hiyo ndiyo niliyoagiza sasa.