Mahindi yalikuja kwetu bila maelezo

Xela, Jumamosi usiku

Watu wa Iringa tukisema tunayajua mahindi hatutanii. Nimelelewa kwa ugali na makande, likizo zangu zote ziliishia kwenye palizi, na nilipokuja Guatemala, Amerika ya Kati, kujifunza Kihispania nilijiambia kwamba chakula angalau hakitanisumbua. Kweli hakijanisumbua. Ila kila siku ninavyozidi kukaa hapa ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba haya mahindi tuliyapokea nusu.

Mji unaitwa Quetzaltenango, lakini hakuna anayejichosha na jina lote hilo, ni Xela tu (tamka Shela, kama ile ya Lamu, sema huku hakuna bahari). Uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ni ya Makete. Ninakaa kwa familia moja, na mama mwenye nyumba namwita doña kama wanavyomwita majirani zake.

Kila jioni doña anapima mahindi makavu, anayatia kwenye sufuria kubwa, anamimina maji, kisha anatia chokaa. Ndiyo, chokaa. Inauzwa sokoni kwa mafungu madogo kama inavyouzwa chumvi. Anayachemsha mpaka ganda la punje linavuka ukilisugua kwa vidole, halafu anaipua na kuyaacha yalale humo humo. Alfajiri yale maji yamekuwa ya manjano na mazito kidogo. Anayamwaga, anayaosha mahindi mara kadhaa, maganda yanaondoka na maji, punje zinabaki nono, laini, zinateleza mkononi. Hapo ndipo beseni linapelekwa mashineni. Foleni ya akina mama kabla hakujapambazuka, umbea ukiendelea, mtoto mgongoni: hiyo naijua tangu utoto. Tofauti ni kwamba hapa mahindi yanasagwa yakiwa bado na maji, na kinachotoka si unga, ni donge lililo tayari kufinyangwa.

Tortilla za huku, yaani vichapati vya donge hilo, ni ndogo na nene. Zinapigwapigwa kati ya viganja mpaka zinakuwa duara, zinatupwa kwenye bamba la moto, zinageuzwa kwa vidole vitupu. Nimejaribu. Vidole vyangu havijafikia cheo hicho. Zikiiva zinafungwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, zinakaa kikapuni katikati ya meza, na unamega kipande kuchotea maharage meusi. Kwa mtu aliyezoea kumega tonge, hapo hakuna somo jipya.

Somo ni ile chokaa. Mahindi yana niasini, vitamini ambayo mwili ukiikosa unapata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, na mwisho ni kifo. Lakini niasini ya mahindi imefungwa, tumbo haliwezi kuichukua mpaka kitu kama chokaa kiifungue. Watu wa huku walilijua pishi hilo miaka mingi kabla mtu yeyote hajajua vitamini ni nini. Kisha wakaja wageni, wakachukua mbegu wakaacha sufuria. Wareno wakatuletea mahindi pwani ya Afrika, Wahispania wakayapeleka kwao, na miaka ya 1700 maskini wa Hispania na Italia waliokuwa wakila mahindi matupu wakaanza kuugua pelagra. Hata juzi juzi tu, 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua kwa maelfu baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wa chakula. Sisi kilichotuokoa ni maharage, karanga na dagaa pembeni ya sahani. Tena kwa hiari yetu tunayakoboa mahindi tupate sembe nyeupe, na dona tunaiona ni ya shuleni na jela!

Bibi yangu hutia magadi kwenye makande. Siku zote nilidhani ni kwa ajili ya kuivisha haraka, na pengine hata yeye alidhani hivyo. Sasa najiuliza.

Huku mahindi yameingia mpaka kwenye maelezo ya mtu ametoka wapi. Wak'iche', kabila la Wamaya ambao ndio wengi kwenye milima hii, wanasimulia kwamba waumbaji walianza na udongo, mtu akalowa na kuporomoka. Wakajaribu mti, akapatikana mtu asiye na moyo wala shukrani. Mwishowe bibi mkongwe, Xmucane, akasaga mahindi ya manjano na meupe mara tisa, na nyama yetu ikatokana na donge hilo. Napenda kwamba aliyesaga anatajwa kwa jina.

Kibao utakachokiona kila mtaa kinasema zipo tortilla za nyakati tatu, yaani asubuhi, mchana na jioni, zinapikwa upya kila mara. Za asubuhi hazingojwi mchana. Alhamisi ni siku ya paches, viazi vilivyopondwa na kufungwa kwenye majani. Jumamosi ni tamales, donge la mahindi lenye mchuzi mwekundu na kipande cha nyama, na nyumba inayouza huwasha taa nyekundu mlangoni. Kwetu taa hiyo ina sifa nyingine, kwa hiyo Jumamosi ya kwanza nilipita nikiangalia chini. Na ukiwa unakula mgahawani, mtu asiyekujua akipita mezani atakutakia mlo mwema. Kwetu anayekula ndiye anayesema karibu. Huku anayepita ndiye anayeanza.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi nzuri ya hekima ya mababu. Lakini karibu nusu ya watoto wa Guatemala walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwenye familia za Kimaya hali ni mbaya zaidi. Chokaa inafungua niasini, haizai mayai wala maziwa. Ardhi nzuri ya mteremko wa kusini, upande wa Pasifiki, imeshikwa na mashamba makubwa ya kahawa na miwa, na familia za milimani zinalima vipande vilivyoning'inia kwenye miinuko, halafu zinashuka kwenda kuvuna kahawa ya mwenzao. Nilikuwa naanza kuwahukumu nikakumbuka utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022: mkoa uliokuwa na udumavu mkubwa kuliko yote Tanzania ulikuwa Iringa, zaidi ya nusu ya watoto. Sisi tunaolisha nchi.

Mchana wa leo nimempigia mama, kwake ikiwa saa tatu usiku, nikamweleza yote haya.

“Chokaa? Hii ya kupakia choo?”

“Ya kula, mama. Inauzwa sokoni.”

“Haya. Na mboga?”

“Maharage meusi. Asubuhi na usiku.”

Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama ni kweli yapo mahindi meusi, maana nilimtumia picha. Nikamwambia yapo, na mekundu pia. Basi akataka nimletee mbegu. Nikamweleza kwamba mbegu huwezi kuzipitisha uwanja wa ndege bila kibali.

“Na hao Wareno wako,” akasema, “kibali walikichukua wapi?”