Uji wa Ijumaa ile pale Showground

Showground ya Nakuru, ule uwanja wa maonyesho ya kilimo, ilijaa wakimbizi mapema Januari 2008. Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya, alitangaza tarehe 30 Disemba kwamba Kibaki amemshinda Raila kura ya urais, vita vya kikabila vikalipuka na mara watu wakaanza kushuka na malori kutoka Molo, Kuresoi, Burnt Forest, Eldoret, wengine na godoro na kuku, wengine na nguo waliyovaa tu. Msalaba Mwekundu wakaweka matenti, chakula kikaja, lakini mtoto wa mwaka moja utampa githeri aje? Hapo ndio kikundi chetu cha kanisa kiliingilia, kazi yetu sisi ilikuwa uji, na ilikuwa lazima uwe umeiva saa moja asubuhi juu watoto walikuwa wanaamka na njaa ya jana.

Mahindi na wimbi akina mama wa soko walikuwa wanachanga, huyu gorogoro moja, ule mkebe wa kupimia, huyu nusu. Kuni tulipewa mabaki ya mbao na mafundi seremala. Kusaga alikuwa anatusagia mzee mmoja Mluhya mwenye posho mili Kwa Rhonda, na hakuwahi kuitisha ata shilingi.

Mama aliyetuongoza alikataa kitu moja kabisa, kuandika majina. Kuna ofisi ilituahidi maziwa ya unga lakini ikataka kwanza orodha, jina la mzazi na kule ametoka, na mama akasema hapana, hizo siku jina tu, juu linaonyesha kabila lako, lilikuwa linatosha kukuua, sasa orodha nzima ikianguka mikono mibaya itakuwaje. Tukawa tunahesabu vikombe. Maziwa hatukupata, na mpaka leo naona alifanya vizuri.

Alhamisi usiku tarehe 24 mji wenyewe ukawaka. Kufika Ijumaa maduka yote yamefungwa, moshi umetanda upande wa Kaptembwa, Githima na Ponda Mali, barabara zimewekwa mawe na matairi, na sisi unga umebaki wa kukwangua kwa gunia. Mama akampigia mzee simu. Mzee akasema, "Mama, gunia mbili ziko tayari tangu jana, lakini mimi nikitoka hapa sirudi."

Mama hakumwambia jaribu. Alikaa chini kwa jerikeni akaanza kupiga simu moja baada ya nyingine, kredi ikiisha anachukua simu ya mwingine, na vile alipanga ni hivi: kijana wa mkokoteni wa mzee angesukuma mpaka kizuizi cha vijana wa upande wao, hao walikuwa wanamjua. Hapo angepokelewa na Msomali mmoja mwenye pikapu, juu pande zote mbili hazikuwa na ugomvi na yeye. Alafu kizuizi cha mwisho kilikuwa cha watu wa kwetu, Wakikuyu, kwa hivo mimi na dada mwingine tukaenda kungojea pale. Kila mtu alibeba mahali jina lake lilimruhusu. Iliniuma sana kuona unga wa watoto ukipitishwa hivo kwa mji nimezaliwa.

Pikapu ilipofika wale vijana walikuwa na rungu na panga, wakaniuliza kwa kikwetu tumebeba nini, nikajibu kwa kikwetu, wakainua turubai, moja akatia mkono ndani ya gunia mpaka kwa kiwiko kuona kama kuna kitu kimefichwa, akautoa umejaa unga, akasema pitieni haraka.

Uji uliiva saa nne na kitu. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zingine juu kulikuwa na watu wapya wamekimbia usiku huo kutoka mitaa ya hapo hapo mjini, tukaongeza maji, ukawa mwepesi lakini ukafikia kila mtoto. Baba mmoja akasimama mbele ya sufuria akauliza huu unga umesagwa na nani. Nilishtuka. Mama akamwangalia akasema, "Umesagwa na mzee. Leta kikombe baba, mtoto analia." Akaleta.

Mzee alifunga posho mili na kurudi kwao magharibi kabla mwezi uishe, na sisi tukatafuta mahali pengine pa kusagia, tena kwa pesa. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchi nzima miezi hiyo na kama 600,000 wakafukuzwa makwao. Tarehe 28 Februari Kibaki na Raila waliweka sahihi mkataba wa kugawana serikali, Kofi Annan aliyewapatanisha akiwa hapo, na kambini watu walizunguka redio wakapiga makofi, wengine wakalia. Asubuhi yake foleni ilikuwa ile ile, kwa hivo mama akanituma kwa maseremala kuitisha kuni, na tuliendelea kupika ata baada ya serikali kuanza kupeleka watu makwao mwezi wa Mei na zile shilingi 10,000 kila familia, juu si wote walikuwa na kwao pa kurudi.