Mavazi Yaliyoliwa na Nondo, Ujira Unaopiga Kelele

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Andiko letu wiki hii ni Yakobo 5:1–6. Naomba tukae zaidi kwenye mistari miwili:

"Mali zenu zimeoza, na mavazi yenu yameliwa na nondo." (mst. 2)

"Angalieni, ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele, na vilio vyao waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi." (mst. 4)

Mtu akituuliza Biblia inasema nini kuhusu mavazi na urembo, wengi wetu tutakimbilia 1 Petro 3 au 1 Timotheo 2, na mazungumzo yataelekea kulekule kwa siku zote: urefu wa sketi, suruali, wigi, kucha za kubandika, hereni, rangi ya mdomo. Mtindo mpya ukitoka, tunaulizana kama unamfaa mwamini. Ni swali halali. Petro alimaanisha alichosema, na utu wa moyoni una thamani kuu mbele za Mungu leo kama ulivyokuwa wakati ule. Lakini jicho letu huishia kwa aliyevaa, na mara nyingi kwa mwanamke aliyevaa. Aliyeshona hatumwulizii kabisa. Yakobo anamwulizia.

Katika barua yake fupi, Yakobo anagusa mavazi mara tatu. Sura ya pili ina tajiri mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, anayepewa mahali pa heshima huku maskini aliyevaa mavazi mabovu akiambiwa asimame kule. Sura hiyohiyo ina ndugu asiye na nguo, anayeagwa kwa maneno matamu na kuondoka mikono mitupu. Kisha katika sura ya tano tunakutana na nguo nyingi kiasi kwamba nondo anazimaliza kabla mwenyewe hajapata siku ya kuzivaa, na mistari miwili tu baadaye unakuja ujira uliozuiwa. Sidhani mambo haya yamekaribiana kwa bahati. Yule mwenye kabati linalofurika na yule aliyenyimwa malipo wamo katika habari moja, na Mungu anawasikia wote wawili kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana nataka tuzungumze juu ya Savar.

Tarehe 23 Aprili 2013, katika mji wa Savar, karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, nyufa kubwa zilionekana kwenye jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Mhandisi aliyeitwa kulikagua alisema si salama. Benki na maduka ya ghorofa za chini vilifungwa. Juu yake kulikuwa na viwanda vitano vya nguo, na washonaji wake, wengi wao wasichana na wanawake vijana, waliamriwa kurudi kazini kesho yake. Waliosita walitishiwa kukosa mshahara wa mwezi. Asubuhi ya tarehe 24 umeme ulikatika, jenereta za ghorofa za juu zikawashwa, jengo likaporomoka. Walikufa watu 1,134. Zaidi ya 2,000 walijeruhiwa, na baadhi ilibidi wakatwe mkono au mguu palepale chini ya kifusi ili watolewe wakiwa hai.

Kima cha chini cha mshahara wa mshonaji nchini humo wakati ule kilikuwa taka 3,000 (taka ndiyo sarafu ya Bangladesh) kwa mwezi, karibu dola 38 za Marekani. Tuangalie vizuri ni nini kilichowarudisha mle ndani. Nyufa waliziona kwa macho yao. Walirudi kwa sababu ya ujira, kwa kuwa mtu anayeishi kwa kiasi kile hawezi kupoteza hata mwezi mmoja. Torati ilikuwa imeliona hilo zamani: Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua alipwe kabla jua halijachwa, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea ujira huo. Mwenye kushika ujira wa mtu wa namna hiyo ameshika uhai wake. Ninaposoma neno "kwa hila" katika Yakobo, sasa siwezi kulisoma bila kufikiria ile asubuhi ya Savar.

Kuna jambo jingine lililotokea pale ambalo limekaa nami kwa muda mrefu. Baada ya jengo kuanguka, baadhi ya kampuni za mavazi zilikana kuhusika na viwanda vile, nyingine zikakaa kimya. Watetezi wa wafanyakazi wakaingia kwenye kifusi wakitafuta lebo za nguo, ili dunia ijue washonaji hao walikuwa wakimshonea nani. Ndugu wa waliopotea, kwa upande wao, walisimama nje wakiwa wameshika picha za binti zao, dada zao na wake zao.

Sasa fungua Matendo 9. Tabitha wa Yafa amekufa. Petro anapofika chumbani juu, wajane wanamzunguka wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hapakuwa na haja ya kutafuta lebo. Waliozivaa walimjua aliyeshona, walilijua jina lake, na waliweza kusimulia kila vazi lilivyowafikia. Kila nguo mkononi mwa mjane ilikuwa ushuhuda wa upendo. Katika kifusi cha Savar nguo zilitoa ushuhuda pia, lakini ulikuwa ushuhuda wa mashtaka. Ni kazi ileile ya sindano na uzi. Nami naamini Mungu aliyemrudishia Tabitha uhai aliwajua kwa majina wote 1,134.

Mtu anaweza kusema hayo ni matatizo ya nchi maskini na ya zama zetu. Hapana. Tarehe 25 Machi 1911 moto uliwaka katika kiwanda cha Triangle jijini New York, kilichokuwa kikishona blauzi za kike za mtindo uliopendwa mno miaka hiyo. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walihofia wizi. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano. Wengine waliruka kutoka madirishani.

Miongoni mwa waliosimama barabarani na kuwaona wakianguka alikuwa mwanamke aitwaye Frances Perkins. Alikuwa Mkristo wa Kanisa la Kiaskofu, lililo katika familia ya Anglikana, na aliishika imani yake kwa dhati. Hakuishia kuhuzunika. Alishiriki katika uchunguzi wa viwanda uliozaa sheria mpya za usalama kazini katika jimbo la New York, na mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hiyo. Katika miaka yake ya uwaziri alikuwa akienda mara kwa mara kwenye nyumba ya watawa kukaa kimya na kusali, kisha anarudi kupigania mishahara na saa za kazi za watu ambao hangewahi kukutana nao. Ningependa vijana wetu wafundishwe habari zake. Tunawaambia sana wajiepushe na tamaa ya mavazi. Ni mara chache tunawaambia kwamba kuandika sheria njema ya kiwanda ni utumishi pia.

Turudi kwa nondo. Sifikirii kwamba Yakobo angeshangaa kusikia kwamba Burberry, kampuni kubwa ya mavazi ya Uingereza, iliharibu bidhaa zisizouzwa zenye thamani ya pauni milioni 28.6 katika mwaka mmoja wa fedha, jambo lililojulikana mwaka 2018 na kuzua hasira hadi kampuni ikatangaza kuacha. Bidhaa hizo ziliharibiwa ili jina lisishuke thamani kwa kuuzwa rahisi. Upande wa pili wapo wanaozalisha nguo za bei ya chini kwa kasi, mitindo ikibadilika kila wiki, na mwisho wake mmoja unaonekana katika jangwa la Atacama, kaskazini mwa Chile, ambako marundo ya nguo yametupwa mchangani, nyingine zikiwa bado na lebo za bei. Sehemu kubwa ya nguo za siku hizi ni poliesta, inayotokana na mafuta ya petroli. Nondo hula sufu. Hizo haziwezi, na udongo nao hauziozeshi. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2020 ya kuzuia kuharibu bidhaa zisizouzwa, nguo zikiwemo, na nchi nyingine zinafuata. Naona aibu kwamba wabunge wametangulia katika jambo ambalo sisi tumekuwa nalo kwenye Maandiko kwa karibu miaka elfu mbili.

Kuhusu urembo nitasema moja tu, ingawa yako mengi. Zebaki hutiwa katika baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi, kwa sababu huzuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili. Shirika la Afya Duniani limeonya miaka mingi kwamba huharibu figo, na mvuke wake huwafikia hata watoto walio nyumba moja na anayepaka. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa kuhusu zebaki, ulizuia vipodozi hivyo, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuviondoa vyote bila kuacha kiwango chochote, mwisho ukiwa 2025. Bado vinauzwa. Sasa, dada au kaka anayejichubua akiingia kanisani, mara nyingi hukutana na karipio: umemkosoa Muumba. Mimi naomba tuanze kwingine. Nani alimwambia kwamba ngozi yake ni kosa? Matangazo yamemwambia hivyo tangu utotoni, na pengine hata sisi tumemwambia, kila tuliposifu weupe wa mtoto mchanga au wa bibi harusi. Mwaka 2020 kampuni ya Unilever iliondoa neno la weupe katika jina la krimu yake ya Fair & Lovely baada ya malalamiko ya muda mrefu. Kubadili jina ni rahisi kuliko kubadili tulichokisema kwa vizazi. Mtu huyo anahitaji daktari wa ngozi, na anahitaji kusikia kutoka kwa watu wa Mungu, bila masharti, kwamba ni mzuri.

Tufanye nini basi na nguo tulizovaa sasa hivi? Najua wapo kati yetu wanaonunua nguo ya bei ya chini kwa sababu ndiyo wanayoweza kuilipia, na sitaki mama yeyote anayewavisha watoto wake atoke kwenye tafakari hii akiwa na hatia mabegani. Yakobo anawasema walioishika fedha. Hata kususia si jibu la haraka. Kalpona Akter, mtetezi wa wafanyakazi wa Bangladesh aliyeanza kushona kiwandani akiwa na miaka 12, amewasihi wanunuzi wasisusie nguo za nchi yake, kwa sababu wasichana wale wanazihitaji kazi hizo. Anachotaka ni kazi zenye heshima, na wanunuzi wazibane kampuni. Shinikizo hilo lilizaa matunda. Wiki chache baada ya Rana Plaza ulitiwa saini mkataba wa usalama wa majengo na moto unaozifunga kampuni kisheria, na zaidi ya kampuni 200 zilijiunga. Wakaguzi wakaingia viwandani kuangalia nguzo, nyaya za umeme na milango ya dharura. Kima cha chini cha mshahara kikapandishwa mwaka huohuo hadi taka 5,300, ambacho bado kilikuwa kidogo.

Wiki hii tusome Yakobo 5:1–6 na Matendo 9:36–42 siku moja, moja baada ya nyingine. Tunapovaa asubuhi, tuangalie lebo ya nguo imetoka nchi gani, na tuwaombee washonaji wa nchi hiyo. Mwenye nafasi aandikie kampuni anayonunua kwake, aulize nguo zake zinashonwa kiwanda gani na washonaji wanalipwa kiasi gani. Na ambaye ana fundi anayemdai malipo ya nguo aliyokwisha kuichukua, amlipe leo.

Tuombe. Bwana wa majeshi, masikio yako yamesikia kabla yetu. Wakumbuke walioko kwenye cherehani saa hii, na wale wanaosubiri mshahara ulioahidiwa. Wafariji wazazi wa Savar ambao hawakupata hata mwili wa kuzika. Wape wakaguzi ujasiri wa kufunga jengo lenye nyufa, na wenye viwanda hofu yako. Uwaponye waliochukia ngozi uliyowapa. Sisi tuliovaa kazi ya mikono yao, utufundishe kuuliza habari zao, wala usituache tunyamaze tutakapozisikia. Katika jina la Yesu, amina.